Nyumba Hamsini na Moja Zisizo na Watu

Siku Dokta Hilary alipoleta mrejesho wa utafiti wake Mtaa wa Mtoni Chini, alikuja na projekta, jenereta ya kuiwashia projekta, wasaidizi wanne, katoni mbili za fulana za kijani, na maneno. Maneno yalizidi mizigo yote. Alikuwa mhadhiri wa usanifu wa mandhari katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, mtu wa miwani na viatu vya kupandia milima, ambavyo tope la Ifakara halikuwa limevigusa kwa kuwa ilikuwa Agosti na barabara zilikuwa zimekauka. Fulana ziliandikwa kifuani MANDHARI YETU, KESHO YETU. Watu walizigombania kwanza, wakazivaa, ndipo wakaketi kusikiliza hiyo kesho yao imepangwaje.

Balbina hakuchukua fulana. Alikaa benchi la tatu kwenye uwanja wa shule ya msingi, mikono kifuani, akitazama. Mtaani wanamwita Mama Klementina, kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa Mang'ula. Ni mjane wa miaka hamsini na sita, mkulima wa mpunga, na mdomo wake unajulikana kuanzia mtoni mpaka stendi. Alifika kwa sababu Sylvanus, mwenyekiti wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kuna wageni wa chuo na asiyekuja asije akalalamika baadaye. Balbina hakutaka kunyimwa haki hiyo.

Dokta alianza na ushirikishwaji. Alilitaja neno hilo mara nyingi kiasi kwamba wazee wa nyuma walianza kusinzia. Akaeleza kuwa Mto Lumemo ukifurika, maji huingia kwanza Mtoni Chini, jambo ambalo kila aliyeketi pale alishalipima kwa magoti yake mwenyewe. Sasa chuo, kwa kushirikiana na jamii, kilikuwa kimesanifu suluhisho. Projekta ikawaka kwenye shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, na bustani ikatokea. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Ilikuwa na nyasi, mabwawa ya kupokea mafuriko, vidaraja vya mbao, mabenchi, na mzungu mmoja aliyekuwa anakimbia na mbwa.

"Huyo mwenye mbwa ni nani?" aliuliza Mariana, jirani yake Balbina.

"Ni mfano tu, mama. Kuonyesha matumizi."

"Watu wetu hawamo kwenye matumizi?"

Watu wakacheka, Dokta naye akacheka kidogo kwa adabu, kisha akaleta picha ya pili. Hiyo ilikuwa ramani ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, mabati yote yanaonekana, na juu ya kila bati nukta. Kijani, alisema, ni nyumba inayokaliwa. Nyekundu ni nyumba iliyotelekezwa. Za kijani zilikuwa kumi na mbili, nyekundu hamsini na moja, na mstari mnene wa bustani ulizizunguka zile nyekundu zote.

"Tuna bahati," alisema Dokta, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Kwa kawaida mradi kama huu unakwama kwenye kuhamisha watu. Hapa watu wameshahama wenyewe. Ripoti iko tayari kwenda halmashauri, na hizi nyumba tupu zitaondolewa bila kumuumiza mtu."

Balbina aliitafuta nyumba yake kwa kuanzia kisimani, akahesabu mabati matatu, akaikuta. Ilikuwa na nukta nyekundu katikati. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Yeye na marehemu Agapiti walifyatua matofali yake kwa mikono yao, viangazi vitatu, udongo huohuo wa mtoni, na Agapiti alipofariki bati la mwisho lilikuwa halijapigiliwa, akalipigilia yeye. Hana kiwanja kingine duniani. Akasimama.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa Ifakara haelezwi. Mpunga unapoanza kubeba, mwishoni mwa mwezi wa tatu, Mtoni Chini inafunga milango na kuhamia ng'ambo, mashambani upande wa Lupiro. Kwelea, ndege wala nafaka, hawana Jumapili. Watu hulala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya mpunga, na tangu kupambazuka mpaka jua kuzama ni kupiga madebe, kupiga kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Ukilala mpaka saa mbili asubuhi, umewaachia ndege meza. Wanarudi mtaani Juni au Julai, mpunga ukiwa ndani ya magunia. Katikati ya hapo kwaya ya parokia inabaki na sauti za vikongwe tu, na atakayepita Mtoni Chini atakutana na kufuli, mbuzi, na kuku wa watu wengine.

"Naomba kuuliza, Dokta," alisema Balbina.

"Karibu sana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mlihesabu lini?"

"Aprili, mama. Tarehe nane na tarehe tisa, asubuhi na jioni." Alilijibu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisomea.

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Dokta alitazama kulia na kushoto, akageuka kuangalia shuka, akidhani labda yule mbwa amerudi.

"Na mlijuaje kwamba nyumba imetelekezwa?"

Dokta alimwashiria mwanafunzi wake, binti mmoja mwembamba aitwaye Jane, ambaye ndiye aliyezunguka na kishikwambi. Jane alisimama. "Tuligonga, mama. Isipofunguliwa siku zote mbili, tuliandika haina watu."

"Mlangoni kwangu mlikuta nini?"

Jane alifikiri. Alikuwa mkweli, hilo tumpe. "Kufuli, mama."

"Kufuli. Sasa mwanangu, wewe msomi, umeona wapi mtu anafunga gofu kwa kufuli? Anaogopa wataiba popo?"

Uwanja ulichafuka. Sylvanus mwenyekiti ndiye aliyecheka kuliko wote, anapiga paja, mpaka Mariana aliponyoosha kidole kwenye shuka na kumwonyesha nyumba yenye kibaraza cha saruji, ya nne kutoka barabarani. Ilikuwa yake. Nyekundu. Sylvanus ndiye aliyeigongea mhuri barua ya utafiti ile Aprili, akawaambia wageni wajisikie wako nyumbani, na kesho yake akapanda pikipiki kwenda Lupiro kwenye dungu lake. Hakuwaambia neno la ziada, maana hawakumuuliza, na yeye si mtu wa kufikiri asipoulizwa.

Kicheko kilimkauka. Akatembea mpaka mbele, akajitengeneza kola ya fulana ya kijani. "Dokta, pale pana kasoro ndogo. Ile ni nyumba ya mwenyekiti."

"Oh! Samahani sana, mheshimiwa." Dokta aliinamia kompyuta, akabonyeza mara mbili, na mbele ya macho ya watu wote nukta nyekundu ikawa kijani. Mstari wa bustani ukajikunja wenyewe, ukaizunguka nyumba ya Sylvanus kwa heshima, ukaendelea na safari.

"Kumbe ni kazi nyepesi," alisema Balbina. "Haya. Na yangu. Ya tatu kutoka kisimani."

Hapo ndipo Dokta Hilary alipoonyesha elimu yake. Mwenyekiti, alisema, anatambulika kiofisi. Nyumba nyingine ni takwimu, na takwimu hazibadilishwi mkutanoni, zitakosa uhalali. Itabidi ufanyike uhakiki.

"Fanyeni sasa. Tupo wote hapa."

"Kisayansi haiwezekani, mama. Uhakiki lazima ufanyike msimu uleule ili matokeo yalinganishwe. Na ratiba ya mfadhili ni Aprili."

"Aprili tuko shambani."

"Ndiyo, nimelielewa hilo, na tutalitaja kwenye ripoti kama changamoto ya utafiti."

"Basi njooni shambani mtuhesabu. Kutoka hapa mpaka Lupiro si mwisho wa dunia, daraja lipo."

Dokta alivua miwani, akaifuta. "Mtu anahesabiwa anapoishi, mama. Atakayekutwa nyumbani, nyumba yake itakuwa kijani. Atakayekutwa amefunga, kwa kweli tutabaki na taarifa tuliyonayo."

Akashukuru kwa mjadala mzuri, akasema haya ndiyo matunda ya ushirikishwaji, na jenereta ikazimwa. Watu walirudi makwao na fulana zao mwilini. Balbina alitembea nyuma yao akijisemea njia nzima. Alimchukia yule mtu kwa ile sauti ya upole hasa. Angemtukana angemjibu, lakini alimwita mama, akampa shikamoo, kisha akamwambia kwa adabu zote achague kati ya nyumba na chakula.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Wenye kaya kubwa hawakuumia sana. Aprili ilipokaribia walibakiza bibi mmoja au shangazi mwenye mguu mbovu, akae barazani aonekane anaishi. Balbina alikuwa peke yake. Klementina alikuwa anakaribia kujifungua huko Mang'ula na mkwe wake hakuruhusu hata mazungumzo ya kumleta. Wa kumwajiri hakupatikana, kwa sababu Aprili kila mwenye miguu yuko kwenye dungu lake. Na shamba lake la Lupiro, ekari mbili, ndilo mwaka wake mzima. Akivuna anakula na kuuza kidogo. Asipovuna hana ghala la pili.

Alilima kama kawaida, akapalilia, akajenga dungu. Mwishoni mwa Machi alimfuata Mariana, ambaye shamba lake limepakana na lake.

"Niangalizie siku tatu. Tangazo linasema watakuja kati ya tarehe moja na tatu."

"Nitajitahidi, dada. Lakini mikono yenyewe ni hii miwili, na unawajua ndege."

Tarehe moja Balbina alifungua milango na madirisha yote, akaketi barazani. Tarehe mbili akaketi. Tarehe tatu akaketi, amevaa kitenge kizuri, asije akadhaniwa ni mpita njia. Hawakuja. Sylvanus alimpigia simu kutoka shambani kwake kusema gari la chuo limepata hitilafu na ratiba imesogea mbele kidogo. Kidogo ni ngapi, hakujua.

Tarehe tano Mariana alipiga simu, na nyuma ya sauti yake madebe yalikuwa yanalia. "Wametua, dada. Wengi, tangu alfajiri. Nikiwafukuza kwangu wanahamia kwako, nikija kwako wanarudi kwangu. Mkono umenivimba."

"Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini," alisema Balbina.

"Ndio wanaoutaka."

Usiku huo hakulala, na tarehe sita asubuhi alisema liwalo na liwe, akafunga mlango kwa kufuli ileile, akatia khanga mbili kwenye mfuko, akaenda kijiweni kwa bodaboda. Alikuwa ameshapanda, mguu mmoja huku na mwingine kule, simu ikaita.

"Mama Klementina, usiende kokote," alisema Sylvanus. "Nimeongea na Dokta mwenyewe. Wameshapita Kidatu. Baada ya saa mbili tatu hivi watakuwa hapo."

Balbina alishuka. Mwenye pikipiki alimtazama, akaguna, akaondoka na abiria mwingine. Balbina akarudi nyumbani, akafungua kufuli, akapika chai ya wageni, akaketi. Chai ikapoa. Saa mbili tatu zikawa mchana, mchana ukawa jioni, na wenye kupita Kidatu hawakupita kokote pengine. Kesho yake ndipo Sylvanus alipomweleza, tena anacheka, kwamba wageni walilala Mang'ula na asubuhi wamepanda Udzungwa kuona maporomoko ya maji, kwa kuwa wanafunzi wengine hawajawahi kuyaona.

Wasanifu wa mandhari wamekwenda kutazama mandhari. Balbina alimwambia Sylvanus maneno ambayo mwenyekiti wa mtaa hapaswi kuambiwa, na mengine yanayomhusu Dokta, viatu vyake, na shule iliyompa cheti. Halafu akakata simu na kulia kwa hasira, peke yake, milango yote ikiwa wazi. Angeweza kuondoka siku hiyo. Lakini alikuwa ameshawapa ndege siku sita. Kuondoka sasa ni kuwapa na nyumba juu yake. Akabaki.

Walifika tarehe kumi. Dokta hakuwamo, alikuwa na mkutano. Alikuja Jane na kishikwambi chake, viatu vimejaa tope, jasho linamtiririka, akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, mama. Hodi."

"Marahaba. Pita. Nimekusubiri siku kumi."

Jane alikaa kwenye kigoda. Dodoso lilikuwa na maswali arobaini na moja. Aliuliza jina, umri, idadi ya wakazi, aina ya choo. Aliuliza ni mara ngapi kwa wiki angependa kutembelea bustani, na kama angependelea kukimbia, kutembea au kuendesha baiskeli. Balbina alijibu yote kwa sauti moja, kama anayeungama.

"Chanzo kikuu cha chakula cha kaya?"

"Shamba la mpunga. Lupiro."

"Hali ya mazao msimu huu? Nzuri, ya wastani, au mbaya?"

"Mbaya. Yameliwa na kwelea."

"Pole, mama. Sababu ya hali hiyo?" Jane alisoma kwenye kioo. "Mafuriko, ukame, wadudu na ndege, ukosefu wa pembejeo..."

"Andika, sababu ni nyinyi."

Jane aliinua macho.

"Ndege walikuwepo tangu babu yangu. Aliyekuwa hayupo ni mimi. Nilikuwa hapa, nangoja unione. Andika hivyo."

Kidole cha binti kilitelezesha kioo juu, kikatelezesha chini, kikarudi juu. Uso ulikuwa umemwiva. "Hakuna sehemu ya kuandika hilo, mama," alisema hatimaye. "Mfumo haukubali. Naweza kuweka wadudu na ndege."

"Weka unachoweza."

Akaweka. Nyumba ikawa kijani. Alimwonyesha, na Balbina aliiona kwa macho yake. Jane alipoaga alisema samahani, mara mbili, na alionekana anamaanisha. Balbina alimwitikia, akafunga mlango kabla binti hajafika kwa jirani, akachukua mfuko wake uliokuwa umefungwa tangu tarehe sita.

Alifika shambani jioni. Hakuhitaji kuingia ndani ya mpunga. Mpunga uliojaa huinama, na wa kwake ulisimama wima, ekari mbili nzima, suke jepesi kila bua, isipokuwa kipande kidogo kilichopakana na Mariana. Mariana alikuwa juu ya dungu, sauti imemkauka. Aliteremka akaanza kuomba radhi, Balbina akamkatiza. "Wewe usiniombe radhi," alimwambia. "Wewe ulikuwepo." Wakapanda wote wawili wakalinda kilichobaki mpaka Juni.

Miaka mingine anapata gunia kumi na nane. Safari hii alipata mbili na debe.

Julai Sylvanus alipita nyumba kwa nyumba akiwa na ramani mpya, kubwa, ya karatasi inayong'aa. Bustani ilikuwa imesogezwa kwenye uwanda wa chini usio na mtu, mahali ambapo yeyote wa Mtoni Chini angewaonyesha tangu siku ya kwanza. Chuo kilikuwa kimetoa taarifa kwamba hilo ni zao la ushirikishwaji. Sylvanus aliitandaza barazani kwa Balbina, akaweka kidole juu ya bati la tatu kutoka kisimani.

"Si unaiona? Kijani kabisa. Hakuna wa kukugusa tena hapa, Mama Klementina. Nimekupigania sana. Shukuru."

Balbina aliinama akaitazama kwa muda, kwa sababu ilikuwa imechorwa vizuri, hata mti wa ndimu wa uani ulionekana.

"Nashukuru, mwenyekiti," alisema. "Nyumba ipo, mwenye nyumba yupo, na chuo kikuu kimethibitisha. Sasa keti, uniambie na hili moja. Ikifika Oktoba, humo ndani nitapika nini?"

Sylvanus hakuketi. Aliikunja ramani yake polepole, pembe kwa pembe, akasema bado ana nyumba nyingine za kupitia.